Malalamiko ya wakazi wa viungani yapokelewe kwa mlango mmoja

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo linalowasumbua wakazi wengi wa viungani mwa miji kila wanapohitaji huduma ya halmashauri, nalo ni kutojua ni ofisi ipi hasa inayowajibika kwa tatizo walilonalo. Tunapolalamikia taka zisizozolewa, taa za barabarani zilizozimika au mitaro iliyoziba, jibu la kawaida ni kwamba fedha hazitoshi. Sikatai kwamba fedha ni chache. Hata hivyo, katika miaka niliyoishi kiungani nimeona matatizo ambayo vibarua wawili wenye makoleo wangeyamaliza kwa asubuhi moja yakidumu msimu mzima wa mvua, kwa sababu kila ofisi iliyopelekewa taarifa iliamini kwa dhati kwamba kazi hiyo ni ya ofisi nyingine. Ombi langu ni moja: ofisi yoyote ya umma itakayopokea malalamiko ya mkazi iyaandikishe, impe namba ya kufuatilia, kisha yenyewe iyafikishe kwa mhusika, badala ya kumtuma mwananchi akamtafute.

Anayeishi katikati ya mji hakutani sana na shida hii. Barabara za huko zilikwisha kukabidhiwa zamani, mitaro imo kwenye ramani, taa zina namba, na ofisi zote zinazohusika ziko mwendo mfupi kutoka kwake. Kiunga hakikui hivyo. Hukua vipande vipande: shamba moja linapimwa na kuuzwa viwanja, la jirani linafuata baada ya muda, katikati panabaki eneo ambalo halijapimwa, na mara nyingi mpaka wa halmashauri mbili unapita katikati ya mtaa uleule, kiasi kwamba majirani wanaotazamana wanalipa kodi katika ofisi tofauti. Nyumba zimetawanyika, kwa hiyo bomba la maji linalohudumia nyumba chache lazima liwe refu, na gari la taka hutembea mwendo mrefu kabla halijajaa. Juu ya hayo, huduma zenyewe zimegawanywa. Katika nchi nyingi halmashauri huzoa taka na kutoa vibali vya ujenzi, lakini barabara kubwa zina mamlaka yake, maji yana mamlaka yake, umeme una shirika lake, na shule au zahanati iliyo hatua chache kutoka nyumbani inaweza kuwa chini ya ngazi nyingine kabisa ya serikali. Mgawanyo huu una sababu zake za kitaalamu na siombi ufutwe. Ninachosema ni kwamba mzigo wa kuuelewa umeachwa mabegani mwa mtu asiyeupanga, ambaye hana ramani zake wala sheria zake.

Nitoe mfano wa mtaro ulio kwenye mwingilio wa mtaa wetu. Mtaro huo ulijaa mchanga mpaka maji ya mvua yakawa yanapita juu ya barabara na kuingia katika nyua za nyumba zilizo bondeni. Tulipokwenda kwa wahusika wa barabara tuliambiwa kwamba wao husafisha mitaro iliyo ndani ya hifadhi ya barabara, na kwamba sehemu iliyoziba iko nje kidogo ya hifadhi hiyo. Wahusika wa afya na usafi walieleza kwamba wao hushughulikia taka, na mchanga ulioletwa na maji si taka. Wahusika wa majitaka walisema, na kwa haki kabisa, kwamba maji ya mvua hayamo katika majukumu yao. Hakuna hata mmoja aliyetujibu vibaya, na sidhani kuna aliyesema uongo. Wote walitusikiliza, wakatuonyesha mlango mwingine. Kilichokosekana ni mtu mmoja ambaye kazi yake ingekuwa kuyakusanya majibu hayo, kugundua kwamba kuna kipande cha ardhi ambacho kila ofisi imekiweka nje ya mpaka wake, na kupata uamuzi wa nani akisafishe. Kazi hiyo ya uratibu ilifanywa na wakazi, kwa nauli zao na kwa kuomba ruhusa makazini mwao, na wale wasioweza kuacha kazi mchana hawakupata nafasi ya kusema lolote.

Historia ya miji inaonyesha kwamba pengo la namna hii linaweza kuwa la hatari. Hadi katikati ya karne ya 19, kazi za kutengeneza barabara, kuwasha taa na kuondoa majitaka jijini London ziligawanyika baina ya parokia (maeneo ya kanisa yaliyokuwa pia na kazi za utawala wa mitaa) na kamati nyingi ndogo, kila moja ikiwa na mipaka yake. Maji, ambayo hufuata mteremko na hayajui mipaka ya parokia, yalitoka kwa mmoja yakawa shida ya mwingine. Kipindupindu kililipuka mara kwa mara, na katika mlipuko wa 1854 daktari John Snow alionyesha kwamba wagonjwa wengi wa eneo la Soho walikuwa wametumia maji ya pampu moja ya mtaani. Mwaka 1855 Bunge la Uingereza liliunda chombo kimoja cha kusimamia miundombinu ya jiji lote, na baada ya harufu ya mto Thames kuwa haivumiliki katika kiangazi cha 1858, chombo hicho kilipewa mamlaka na fedha za kujenga mfumo wa mabomba makuu ya majitaka uliosanifiwa na mhandisi Joseph Bazalgette. Sehemu ya habari hii ambayo sisi wa viungani tunapaswa kuikumbuka zaidi ni ya mwaka 1866: kipindupindu kiliporudi, kiliua kwa wingi mashariki mwa London, katika maeneo ambayo mfumo mpya ulikuwa haujakamilika kuyafikia. Wale wa pembezoni walihudumiwa mwisho, na gharama ya kusubiri ikawa maisha yao.

Siku hizi njia za kuziba pengo hili zinafahamika na zimejaribiwa. Nchini Marekani, jiji la Baltimore lilianzisha namba ya simu 311 mwaka 1996 ili kupunguza simu zisizo za dharura zilizokuwa zikielemea polisi, na mwaka 1999 Chicago ikaifanya namba hiyo kuwa ya huduma zote za jiji. Mpigaji halazimiki kujua idara. Anaeleza kwamba kuna shimo, taa imezimika au mti umeanguka, anapewa namba ya ombi lake, na ni juu ya jiji kulipeleka panapohusika. Uingereza, ambako katika maeneo kadhaa halmashauri ya wilaya huzoa taka majumbani ilhali halmashauri ya kaunti ndiyo yenye jukumu la kuziteketeza au kuzifukia, taasisi ya mySociety ilianzisha mwaka 2007 tovuti iitwayo FixMyStreet. Mkazi huonyesha kwenye ramani mahali penye tatizo, na mfumo wenyewe hutambua ni halmashauri gani inayohusika na kuipelekea taarifa. Taarifa hiyo huonekana pia na watu wengine, kwa hiyo jirani anaweza kuona kwamba shimo lilelile lilikwisha kuripotiwa na bado halijazibwa. Katika mifano yote miwili, maarifa ya nani anahusika yamehamishwa kutoka kwa mwananchi na kupelekwa kwa mtoa huduma, mahali ambapo yalipaswa kuwa tangu mwanzo.

Mtu asidhani kwamba jambo hili linahitaji kompyuta za gharama. Masijala ya kawaida yenye rejista moja, muhuri wa kupokelea na karani anayejua majukumu ya kila ofisi inaweza kuifanya kazi hii vizuri, na kwa wazee wengi wa mitaani kwetu itakuwa bora kuliko programu ya simu. Kilicho muhimu ni kanuni: taarifa ikishapokelewa mlangoni, hairudishwi mikononi mwa aliyeileta.

Mpaka siku hiyo ifike, nawasihi wakazi wenzangu waache mazoea ya kulalamika kwa mdomo pekee. Maneno tunayomwambia diwani anapopita, au afisa tunayekutana naye msibani, yanaweza kusikilizwa kwa moyo mwema na bado yasiache alama yoyote ofisini. Afisa akihamishwa, yameondoka naye. Barua fupi iliyogongwa muhuri wa kupokelewa, nakala yake ikabaki kwa mkazi, ina nguvu tofauti kabisa. Iandikwe ikitaja mahali hasa, kwa namba ya nguzo ya umeme, jina la barabara au umbali kutoka kwenye jengo linalojulikana; itaje tatizo lilianza lini na linamdhuru nani; iambatanishwe na picha iwezekanapo; na iombe jambo moja tu. Nimeona barua za mtaa zinazoanza na taka, zikaingia kwenye ulinzi, zikamalizia na uwanja wa michezo. Barua ya namna hiyo hukatwa vipande na kupelekwa madawati matatu, na mara nyingi hakuna dawati linalojiona limeandikiwa.

Maandishi yana uzito wa kisheria pia. Katika sheria ya barabara ya Uingereza na Wales ya mwaka 1980, mamlaka ya barabara ikishtakiwa kwa sababu mtu ameumia kutokana na ubovu wa barabara, inaweza kujitetea kwa kuonyesha kwamba ilichukua uangalifu unaostahili, na mojawapo ya mambo ambayo mahakama huyatazama ni kama mamlaka hiyo ilijua, au ilitarajiwa kujua, kwamba hali ya barabara ni ya hatari. Taarifa ya mkazi yenye tarehe ndiyo inayothibitisha kujua huko. Sheria za nchi hutofautiana, lakini mantiki yake ni ileile popote: ofisi iliyoandikiwa haiwezi kusema haikuwa na habari.

Liko jambo moja ambalo ni letu sisi wa viungani kuliko mtu mwingine yeyote, nalo ni barabara zisizokabidhiwa. Mwenye shamba au kampuni ya kuuza viwanja huchonga barabara, huzionyesha kwenye ramani, huuza viwanja vyote, kisha huondoka. Wanunuzi huamini kwamba, kwa kuwa barabara ipo na ina jina, basi ni ya halmashauri. Kumbe halmashauri haijaipokea rasmi, haimo katika orodha ya barabara inazozitunza, haimo katika bajeti yake, na taa zilizosimikwa juu yake hazina wa kulipia umeme. Katika nchi nyingi utaratibu upo: mjenzi hutakiwa kuingia mkataba na mamlaka, kujenga kwa kiwango kilichowekwa, wakati mwingine kuweka dhamana ya fedha, na barabara hupokelewa baada ya kukaguliwa. Sheria hiyo niliyoitaja ya Uingereza na Wales ina kifungu maalumu kuhusu mikataba ya aina hii, na hata huko kuna mitaa mipya iliyokaa muda mrefu bila barabara zake kupokelewa. Kwa hiyo si tatizo la nchi maskini tu.

Mtu anayekusudia kununua kiwanja au nyumba kiungani anapaswa kuuliza, kabla ya kulipa chochote, kama barabara ya kufika hapo imekwisha kupokelewa na mamlaka, mtaro wa maji ya mvua unaishia wapi, na nani amewajibika kwa maandishi kuutunza. Maswali haya hayaulizwi. Tunauliza hati, tunauliza umeme na maji, tunaangalia umbali wa shule, na kuhusu barabara tunaridhika kuiona kwa macho. Nadhani halmashauri ingetuokoa na majuto mengi kama ingebandika kwenye ubao wake wa matangazo orodha ya barabara zote za viungani, ikionyesha zilizopokelewa, zinazosubiri kupokelewa na zile ambazo haina habari nazo. Orodha ya zilizopokelewa ipo tayari ndani ya ofisi ya mhandisi, kwa sababu bila hiyo asingeweza kuandaa bajeti ya matengenezo. Kinachotakiwa ni kuitoa nje.

Kuhusu fedha nitasema machache. Wakazi wengi hupeleka maombi yao wakati bajeti imekwisha kupitishwa, kisha huambiwa wasubiri mwaka ujao, na mwaka ujao hurudi tena katika mwezi uleule. Halmashauri itangaze mapema, katika lugha ya kawaida, ni lini maoni ya bajeti yanapokelewa na ni lini mlango unafungwa. Mji wa Porto Alegre nchini Brazil ulianza mwaka 1989 kuwashirikisha wakazi moja kwa moja katika kupanga sehemu ya bajeti ya mji, kwa mikutano ya kila eneo, na katika kugawa fedha ulizingatia idadi ya watu pamoja na kiasi ambacho eneo limepungukiwa na huduma. Kigezo hicho cha pili ndicho kilichoyanufaisha maeneo ya pembezoni, kwa sababu mtaa usio na mabomba ulihesabiwa mbele ya mtaa uliokuwa nayo tayari. Halmashauri inayogawa fedha kwa kufuata tu wingi wa miundombinu iliyopo huendelea kuyatunza maeneo yaliyokwisha kujengwa, na kiunga hubaki kilivyo.

Najua pingamizi zitakazotolewa. Maafisa watasema kwamba mlango mmoja utajaza malalamiko yasiyo na msingi na kuwabebesha lawama za mashirika wasiyoyasimamia. Wasiwasi huo una uzito, hasa wa pili, kwa sababu ni kweli kwamba halmashauri haiwezi kuiamuru mamlaka ya maji. Lakini simwombi karani akarabati bomba. Ninaomba aandike, apeleke kwa wenye bomba, na mkazi akiuliza aweze kujibu kwamba taarifa ilifika kwao tarehe fulani na bado haijajibiwa. Hapo lawama itakwenda mahali pake halisi, na halmashauri itakuwa imepata kinga ambayo leo haina, kwani kwa sasa mwananchi asiyejua mipaka ya majukumu huilaumu halmashauri kwa kila kitu. Ama malalamiko yasiyo na msingi, hayo yanachujwa kwa urahisi zaidi yakiwa kwenye rejista moja kuliko yakiwa yametawanyika kwenye vinywa vya watu. Tena rejista yenyewe ni hazina kwa mpangaji wa mji: taarifa nyingi za mafuriko zikitoka kwenye bonde moja, mhandisi anajua kwamba kalavati la hapo ni dogo kuliko maji yanayopita, jambo ambalo barua mojamoja haziwezi kumwonyesha.

Nasi wakazi tuna sehemu yetu. Mtaro unaosafishwa Jumatatu hauwezi kubaki safi ikiwa Jumanne tunaufanya jalala, na wapo miongoni mwetu waliojenga kuta na vibanda juu ya njia ya maji, kisha wakatia saini barua ya kulalamikia mafuriko. Kamati za mitaa zinapaswa kuyasema haya waziwazi katika vikao vyake, hata kama mwenye ukuta ni mtu mkubwa.

Kwa hiyo naziomba halmashauri ziteue dirisha moja la kupokea taarifa za wakazi wote, lililo wazi pia kwa siku moja ya juma baada ya saa za kazi ili waajiriwa na wafanyabiashara wadogo waweze kufika. Naziomba zikae na mamlaka za barabara, maji na umeme, na halmashauri jirani pale mpaka unapopita katikati ya makazi, zikubaliane kwa maandishi jinsi ya kupokezana taarifa na muda wa kujibu. Na kila mwisho wa mwezi zibandike mahali pa wazi orodha ya taarifa zilizopokelewa, ikionyesha namba ya kila moja, tarehe ilipoingia, ofisi iliyopelekewa, na kama imeshughulikiwa au bado. Nasema ofisi iliyopelekewa itajwe kwa jina, kwa sababu bila safu hiyo orodha nzima itatuambia tu kile tunachokijua tayari, kwamba mtaro umeziba.

Wako,
Mkazi wa kiungani